Fundo la Hakuna

Fundi alisema uongo siku zote za mwezi isipokuwa Jumapili ya kwanza.

Uongo wake ulikuwa ule wa kazi yake. "Kesho, Mama. Kesho asubuhi utalikuta limening'inia hapo." Kesho ilifika, mteja akafika, na gauni lilikuwa bado vipande vitatu chini ya meza, paka amelala juu yake. Muuza maandazi wa pembeni, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliambiwa kila mwaka kwamba kiuno chake kimepungua inchi mbili. Kisha Fundi alikata kitambaa kwa kiuno cha kweli, na yule mama akaondoka na gauni lililomkaa vizuri na furaha isiyokuwa haki yake. Idi moja, nusu ya wanaume wa mtaa wetu wa Bondeni walikwenda kuswali na kanzu za mwaka uliopita. Walipomkabili nje ya msikiti, naye mwenyewe amevaa kanzu ambayo bado haijatiwa kola, alisema, "Mungu hatazami mshono."

Lakini mtu huyohuyo, ukimwuliza aliona mwari wangapi, wale ndege wenye mfuko chini ya mdomo, ziwani Jumapili ile, alikujibu hivi: "Kumi na saba, na mmoja aliyejificha nyuma ya wenzake, ambaye huenda alikuwa mwari na huenda alikuwa jiwe." Jiwe hilo lingemsumbua wiki nzima.

Nilimfahamu karibu miaka minane. Alitoka pwani, kama familia nyingi za mtaa ule, na hilo linatosha. Mimi nilikuwa kijana wa posta, kazi yangu kupanga barua, nikapanga chumba kilichogawana ukuta na duka lake. Cherehani yake ilinihesabia saa. Ilipokimbia, alikuwa anashona sare za watoto wa shule. Ilipotembea, alikuwa anashona sanda. Iliponyamaza ghafla katikati ya mchana, nilijua kuna ndege amepita juu ya mabati, na Fundi ametoka nje na futi yake shingoni kumwangalia.

Wakati wa kiangazi ziwa la Nakuru lilirudi nyuma, na upepo ukaleta mjini vumbi jeupe la magadi. Liliingia kwenye chai, kwenye kope, kwenye shuka zilizoanikwa. Watu walifunga madirisha na kulaani. Fundi alitoka, akatoa ncha ya ulimi, akaonja hewa kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Maji yamerudi," alisema. "Hatua mia mbili hivi."

Nilikwenda mara moja kupima kwa miguu, kwa ubishi tu wa ujana. Zilikuwa hatua mia mbili na kumi. Nilipomwambia hakufurahi hata kidogo. "Kumi ni nyingi," alisema.

Kazi yake ile ya Jumapili hakulipwa hata senti. Watu fulani wa Nairobi, wapenda ndege, walitafuta wenye kujitolea kuhesabu ndege mara moja kila mwezi, mahali palepale, kwa njia ileile. Mteja mmoja wa Kizungu aliyeleta kaptura za mumewe zipunguzwe alimweleza Fundi habari hizo kwa kujifurahisha, nadhani, kama unavyomwambia fundi habari za hali ya hewa huku anakupima. Yule mama alihama. Fundi alibaki na kazi.

Mahali pake palikuwa ni ulimi wa nchi uliotoka kwenye shamba moja la walowezi ukaingia ziwani, maji pande tatu. Vibarua wa shamba walipaita Ulimi. Fundi peke yake alipaita Rasi, kwa sauti ya mtu anayemtaja mjomba wake. Kufika huko ilibidi upite lango la shamba, na kupita lango ilibidi uwe na barua. Watu wa Nairobi walimpa barua hiyo, yenye muhuri, nayo ilifanywa upya kila mwaka. Aliiweka ndani ya bati la biskuti, pamoja na cheti cha ndoa.

Njia yake ya kuhesabu sijaiona kwa mtu mwingine. Alibeba kile kigogo cha mbao ambacho uzi huzungushiwa, kikiwa kitupu, akatazama kupitia tundu lake. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, ni wengi mno kuhesabiwa mmoja mmoja. Ukiwatazama unaona ukingo wa ziwa umepakwa rangi ya waridi tu. Basi alihesabu wale walioenea ndani ya tundu, akasogeza kigogo, akahesabu tundu la pili, la tatu, mpaka mwisho wa ukingo. Kila alipofika mia alifunga fundo kwenye uzi mwekundu. Mwari walikuwa na uzi mweupe, mnandi uzi mweusi, bata uzi wa kahawia, na hao fundo moja lilikuwa ndege mmoja. Hakuandika chochote kule. "Kalamu inataka utazame karatasi," alisema. "Uzi unafungwa na vidole, macho yanabaki kwa wenyewe."

Kulikuwa na mambo mawili katika nyuzi zile ambayo alinifundisha kwa ukali. Kama alitazama na ndege wa aina fulani hawakuwapo, alifunga fundo lenye kitanzi kidogo, kama tundu la kifungo. Aliliita fundo la hakuna. Kama hakutazama, kwa ukungu au mvua au kwa sababu yoyote, aliacha uzi mtupu.

"Si ni kitu kimoja?" nilimwuliza.

"Karani, nikibisha mlangoni kwako usiitike, nitasema hupo. Nisipobisha, nitasema nini?"

Nyuzi alizitundika kwenye misumari juu ya cherehani, msumari mmoja kwa kila mwezi. Wageni walidhani ni mambo ya uganga. Mwanamke mmoja kutoka upande wa stesheni aliinama mezani akanong'ona, "Fundi, nipe ile nyekundu. Bwana yangu halali nyumbani siku hizi."

"Hao ni heroe wa Machi, dada. Mumeo hawezi kurudishwa na heroe."

"Basi nipe nyeusi."

Mkewe Fundi, ambaye mimi nilimwita Mama, alicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa. Mama hakuwahi kwenda Rasi. Alimfungia chakula, akamtazama akiondoka, na kila mwezi alimwambia maneno yaleyale: "Ndege wenyewe hawajui kama unawahesabu."

Kazi yangu mimi ilikuwa karatasi. Fundi alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, lakini fomu za Nairobi zilitaka Kiingereza. Jumatatu jioni nilikaa naye, yeye akazipitisha nyuzi kati ya vidole na kutaja hesabu, mimi nikaandika. Alianza kunichukua Rasi mwaka wa pili. Nikajifunza kutazama kwa kigogo, kufunga kwa vidole, kunyamaza.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Katika mji wetu watu ndio waliohesabiwa. Walipangwa mistari uwanjani, wakachuchumaa, vitambulisho mkononi, na afisa akapita akiwagusa vichwa kwa fimbo. Nami nimechuchumaa katika mistari hiyo. Fundi hakuzungumza siasa, angalau si mbele ya mlango ulio wazi, lakini siku moja nilirudi kutoka uwanjani na magoti yenye vumbi, akaniambia bila kuinua kichwa: "Wale wanahesabu wajue nani katoroka. Mimi nahesabu nijue nani kaja."

Njiani kwenda Rasi tulisimamishwa mara nyingi. Siku moja, tukiwa tunarudi, askari mmoja aliyekuwa mgeni langoni alivuta nyuzi mfukoni mwa Fundi, zote, kama anayetoa matumbo ya kuku.

"Wewe mzee, hii kamba ni ya nini?"

"Si kamba, Afande. Ni ndege."

"Ndege iko wapi hapa?"

"Hii nyeusi ni mnandi. Thelathini na wanne."

Askari akahesabu mafundo, midomo ikicheza. Alipofika thelathini na manne akahesabu tena. "Na wanakulipa pesa ngapi?"

"Hawanilipi."

Askari akamgeukia mwenzake. "Huyu mzee ni mgonjwa. Mwache apite."

Tangu siku hiyo, tuliporudi, askari yule alikuwa anauliza kwanza, "Leo nyeusi ngapi?" na Fundi akampa uzi ahesabu mwenyewe.

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa kupita kando.

Mwishoni mwa Januari moja dada yake Fundi alifariki Mombasa. Ilibidi asafiri. Kwa miaka mitano hakuwa amekosa Jumapili ya kwanza. Alikwenda akiwa na homa, alikwenda akiwa amefunga, alikwenda siku mbili baada ya kung'olewa jino. Kabla ya kupanda gari la moshi alinipa kigogo, nyuzi na barua ya langoni. Alinipa kwa mikono miwili.

Jumapili ile niliamka kabla ya jua na sentensi kichwani. Nilikuwa nimeanza kuandika hadithi yangu ya kwanza, na kwa majuma matatu ilikuwa imelala kama ng'ombe mgonjwa. Asubuhi hiyo ikasimama. Nikasema nitaandika ukurasa mmoja, kisha niende. Nikaandika wa pili. Jua likapanda juu ya mabati, mabati yakalia, majirani wakarudi kutoka kanisani, na mimi bado nimeinama. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa tisa, na njia ya kwenda Rasi ni mwendo wa saa mbili.

Sikuogopa sana. Hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka. Nilishusha nyuzi za Februari za miaka iliyopita, nikazitandika mezani, nikatazama. Heroe walikuwa elfu kumi na moja mwaka mmoja, elfu kumi na tatu mwaka mwingine. Nikafunga mafundo ya elfu kumi na mbili na mia tatu. Mwari nikawapa ishirini na mmoja, maana ishirini kamili isingeaminika. Bata nikawapunguza. Niliwaona! Niliona jinsi walivyotawanyika, niliona mmoja akijikuna. Jumatatu nikajaza fomu, na mkono wangu mwenyewe ukaipiga bahasha muhuri wa posta.

Fundi alirudi Alhamisi na halua yangu ndani ya kikapu kidogo. Akaniuliza habari, nikampa nyuzi. Alikuwa na tabia ya kulowesha ncha ya uzi mdomoni kabla ya kuutundika, kama anayetaka kuutunga kwenye sindano. Akalowesha ule mwekundu. Akasimama hivyo, uzi ungali mdomoni. Akalowesha mweupe. Akalowesha mweusi.

"Karani. Siku ile kulikuwa na upepo?"

"Kidogo, Fundi."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka... upande wa mlima wa Menengai."

"Uzi huu hauna magadi."

Akaupitisha polepole kati ya vidole. Mafundo yalikuwa yamekaa sawasawa, yamekazwa, kama vifungo vya shati jipya. Nyuzi za Rasi hufungwa mtu amesimama, upepo ukimvuta; fundo moja hukaa hapa, lingine kule.

"Umekaa mezani," alisema.

Mama alitoka nyuma ya pazia, akatazama uso wangu, akaelewa. "Basi, mwache. Ni ndege tu, baba."

Nikasema nilitaka kusiwe na pengo. Nikasema miaka mitano hajakosa mwezi, nami sikutaka mwezi wangu uwe wa kwanza. Nikasema hesabu yangu inafanana kabisa na za Februari nyingine, hakuna atakayejua.

"Pengo lilikuwa la kweli," alisema Fundi. "Ungeliacha. Uzi mtupu haujamdanganya mtu yeyote." Akavuta kiti. "Chukua kalamu. Waandikie."

"Fundi, watakunyang'anya barua ya langoni."

"Huenda."

"Hutakanyaga Rasi tena."

"Andika, Karani."

Angeweza kumwita mwandishi mwingine. Kulikuwa na wawili nje ya posta, wenye mashine za chapa. Nilitamani amwite mmoja wao. Kiingereza hakukijua, ningeweza kuandika chochote, ningeweza kuwasalimu tu na kuwatakia mvua njema. Alijua hivyo, na bado akaketi mbele yangu, mikono magotini, akataja maneno: mwezi wa Februari hatukwenda, hesabu tuliyoleta haikutoka ziwani, tafadhali ifuteni. Niliyaandika kama yalivyo. Sijawahi kuandika kitu kigumu kuliko mistari ile mitatu.

Jibu lilifika baada ya mwezi. Walimshukuru kwa kusema kweli. Walisikitika kwamba, kwa kuwa hawawezi kujua ni miezi mingapi mingine iliyokuwa hivyo, wataweka kando hesabu zote za Rasi, na barua ya langoni haitafanywa upya. Nilimsomea. Akaniomba nisome tena, taratibu.

"Ni haki," alisema. "Hawawezi kujua."

Juma lile kila nguo ilikuwa tayari kwa wakati. Muuza maandazi alilipata gauni lake siku ileile aliyoahidiwa, akaja mbio posta, akanikuta dirishani na foleni ya watu. "Karani! Fundi anaumwa?"

"Haumwi."

"Amenipa nguo leo. Na amesema nimenenepa!"

Aliendelea kuhesabu. Jumapili ya kwanza alipanda kwenye tuta la reli, mahali pa wazi ambapo mtu yeyote angeweza kusimama, na kutoka huko ziwa lilikuwa mstari mweupe wenye waridi pembeni. Alipima ni matundu mangapi yaliyojaa waridi, basi. Nyuzi nyingine alizirudisha tupu. Msumari baada ya msumari, nyuzi tupu zikapeperuka juu ya cherehani, na nilipopita mlangoni nilitazama chini. Hakunisema tena kwa jambo lile. Hata mara moja.

Nilihamishiwa posta ya Kitale, nikakaa huko miaka mitatu. Hadithi ile ya Jumapili ilichapishwa gazetini. Nilirudi Nakuru mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, nikaenda dukani na gazeti ndani ya koti. Fundi alikuwa ameketi nje. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijivu, na ndani nilimwona Mama akitunga uzi kwenye sindano ili amkabidhi.

"Hatua za Karani hizo," alisema kabla sijasalimu.

Nilimsomea hadithi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtu huyu alikuwapo?"

"Hapana. Nimembuni."

"Umewaambia hivyo wanaosoma?"

"Wameandika juu kabisa: hadithi."

"Basi vizuri. Hapo hukumdanganya mtu. Kesho ni ngapi?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza. Nilijua, nilikuwa nimechagua gari la moshi kwa ajili hiyo.

Lango la shamba halikuwa tena na askari. Mwenye shamba alikuwa anauza matrekta yake, na hakuna aliyetuuliza chochote. Fundi alinishika kiwiko, akatembea kwa kunyanyua miguu juu, kama heroe mwenyewe. Tulipofika Rasi alivua kofia, akaelekeza uso kwenye upepo, akaonja.

Mimi nilitazama kwa kigogo, yeye akafunga. Nilitaja mia, vidole vyake vikaenda. Mia. Mia. Mahali fulani heroe waliruka pamoja na kushuka pamoja, nikapoteza hesabu. Nikamwambia nimepoteza, akafungua mafundo manne, tukaanza tena. Mnandi walikuwa tisa. Bata walikuwa wengi, wakorofi, wakibadilishana mahali kama watoto. Jua lilikuwa kichwani, na shati langu limenata mgongoni.

"Mwari?" aliuliza.

Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. "Hakuna."

Hakufunga. Alishika uzi mweupe mbele yake, vidole vimesimama.

"Hakuna, au hukuona?"

Kwenye ncha kabisa ya Rasi kulikuwa na mawe meusi, na nyuma ya mawe hayo hori dogo la matope, ghuba ya hatua chache tu, ambalo halionekani mpaka ulizunguke. Mwari walilipenda zamani. Fundi asingeweza kuliona sasa hata angekuwa amesimama juu yake. Ningesema neno moja tu, tukarudi nyumbani.

Nikavua viatu. Matope yalikuwa ya moto juu na baridi chini, yakanipokea mpaka magotini. Nilianguka mara moja. Nilizunguka mawe, nikasimama, nikatazama hori lote kwa kigogo, tundu kwa tundu, kama alivyonifundisha. Kulikuwa na maji, mifupa ya samaki, na unyoya mmoja mweupe uliokuwa ukizunguka mahali pamoja. Nikangoja, asije mmoja akawa nyuma ya jiwe. Kisha nikarudi.

Fundi alikuwa bado ameshika uzi vilevile.

"Hakuna, Fundi."

Akainama. Mkono wake ulinipapasa, ukapata pindo la suruali yangu, ukalishika kwa vidole viwili kama fundi anayepima urefu. Akaupeleka ule mkono mdomoni, akagusisha ncha ya ulimi.

Kisha akafunga fundo, na ndani ya fundo akaacha kitanzi kidogo.

"Tuwapelekee Nairobi?" niliuliza tulipokuwa tukitoka langoni.

"Wapelekee. Wakitaka kuweka kando, waweke."

Tulitembea mpaka relini. Hapo alisimama, akapapasa tena pindo langu lililokuwa limekauka na kuwa gumu kama bati.

"Suruali hii imekwisha, Karani. Nitakushonea nyingine. Kesho asubuhi ukija, utaikuta imening'inia."